Taa ya Isabirye na Mpira Wangu wa Maji

Amongin,

Salamu nazipita, kwa sababu uko chumba cha pili na nakusikia ukibishana na mama yako juu ya godoro. Mambo ya godoro, neti, sufuria na kanisa la kusali yeye amekwisha kuyamaliza, na akisahau moja atakufuata nalo kesho mpaka kwenye taksi. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikalia tangu Jumapili.

Jumapili uliniuliza swali la kazi, mara ya kwanza tangu umalize chuo. Ulisema, "Baba, kule saiti ya Kimaka nitakakoanza kazi wameniambia niandike vifaa vya kupimia usawa. Niandike leza, au niseme mpira wa maji unatosha?" Nikakujibu na tonge la posho mdomoni, "Andika wanunue macho kwanza." Mama yako akacheka kidogo, kwa adabu. Wewe hukucheka. Ulichukua sahani yako ukaenda kuosha nje, na mvua ilikuwa inanyesha.

Lilikuwa jibu la kipumbavu. Nimekaa saiti miaka zaidi ya ishirini, na nimewasikia mafundi wengi wakijibu hivyo. Ukimuuliza fundi jambo asilotaka kulifikiria, anakutukana kidogo, wenzake wanacheka, na swali linakufa. Dharau ni rahisi kuliko kupima. Mimi nimeishi kwayo.

Uliporudi ndani ukaniambia jina la mkubwa wako mpya. Isabirye. Ukauliza, "Si yule yule, Baba?" Nikasema ndiyo, ni yule yule, Bwana Taa, na Mungu awasaidie watakaolala ndani ya hilo jengo. Umelisikia jina hilo tangu ukiwa sekondari. Kila tulipokaa kwenye chungu cha pombe ya malwa na mirija yetu, watu waliniambia, "Afande Okiror, hebu tupe ile ya Bwana Taa." Nami nikawapa: jinsi taa yake ilivyojenga sakafu inayopanda mlima, jinsi mimi peke yangu nilivyoona, na jinsi Kalasinga alivyonifukuza kwa kuwa nilisema kweli.

Sakafu ilipanda, hilo ni kweli. Hayo mengine yameoza. Nataka uyapate kwangu kabla hujayapata kwake.

Nianze na Harnam. Wewe humjui ila kwa hadithi zangu. Alikuwa Kalasinga, mjenzi wa Jinja, na mimi nilifika kwake nikiwa kijana wa Kiteso nisiyejua hata kushika mwiko. Kiswahili chake kilikuwa kifupi kama rula. Siku ya kwanza alinipa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, akashika ncha moja, mimi nyingine, akaniambia nitembee mpaka kona ya pili ya msingi. Nikatembea huku nimeziba tundu kwa kidole gumba nisimwage maji. Nilipofika nikaweka alama bila kutoa kidole. Alikuja akatazama, akanipiga kofi mkononi, si kwa nguvu.

"Umefunga mdomo wa maji," akasema. "Maji atasema nini?"

Akanifundisha na mengine. Tafuta kipovu cha hewa urefu wote wa mpira, kwa sababu kipovu kama punje ya haragwe kinatosha kupindisha nyumba. Usilaze nusu ya mpira juani na nusu kivulini. Kabla ya kuanza, weka ncha mbili pamoja uone kama maji yamekubaliana. Alipenda kusema maji hayana mjomba, hayampendelei mtu. Nilikaa naye miaka miwili, kisha Wahindi wakafukuzwa, naye akaondoka na sanduku moja. Mimi nikaingia Magereza, kitengo cha ujenzi, na huko nikapata hilo jina la Afande ambalo majirani zetu wa hapa Nkoma hawataki kunivua.

Huko Magereza nilijenga nyumba za askari, na mstari mmoja wa madirisha ulitoka umepinda. Kulikuwa na kipovu. Nilikiona jioni, kazi imekwisha, kimejificha pale mpira ulipopita juu ya tofali. Nikasema matofali ni mabaya. Ofisa akaamini, akamgombeza mchoma matofali, mzee wa watu, nami nikasimama pale nikitikisa kichwa kama mtu anayesikitika. Kwa hiyo usidhani mpira wa baba yako haudanganyi. Mpira ukidanganya, una mtu wa kuushika na mtu wa kuutetea.

Miaka ikapita. Serikali ikapunguza watu, nikapunguzwa. Tukahamia hapa Mbale kwa kuwa mama yako ni Mugisu wa huku na alichoka kuzeeka kwenye kambi. Wewe na mimi na yeye tukaendelea kuongea Kiswahili chetu cha kambi, majirani wakitutazama kama askari waliokuja kukamata mtu. Nikawa fundi wa vyoo na kuta za uani. Siku hizo nilikuwa na uchungu wa kila kitu. Nilimdharau kila aliyekuwa na kazi.

Ndipo Harnam akarudi. Wahindi walikuwa wanarudi kidogo kidogo, wengine kutafuta majumba yao Jinja, wengine kutafuta kazi. Alikuwa na ndevu nyeupe na pumzi fupi. Alipata kazi ya kujenga wodi ya wazazi kule Nakaloke, akauliza habari zangu mpaka akanipata. Alisimama mlangoni petu na viatu vyenye matope, akasema, "Okiror, wewe bado anaziba maji na kidole?" Nikacheka mpaka nikatokwa machozi. Akanifanya msimamizi wa mafundi wote. Nilimleta Mafabi, ambaye unamjua, fundi mzuri kuliko mimi, mtu wa maneno machache na mkono mtulivu.

Wiki ya pili gari la Harnam likaleta sanduku la manjano, na nyuma ya sanduku akashuka Isabirye.

Nitakuambia nilichoona, halafu utajua macho yangu yalikuwa ya namna gani. Niliona kijana wa Kisoga, mwembamba, shati limepigwa pasi, miwani ya jua, viatu ambavyo havijawahi kukanyaga zege. Alifungua sanduku kama padri anayefungua sakramenti. Ndani mlikuwa na leza, mashine ya kusimama juu ya miguu mitatu, na kichwa chake kilizunguka. Nikamuuliza mbele ya vibarua, "Inapika chai pia?" Wakacheka. Akaniambia, "Muzee, hii inapiga mstari mwekundu sawasawa pande zote." Nikatazama ukutani. Jua lilikuwa kali, hakuna mwekundu wala mweupe. Nikasema, "Mstari wenyewe umeenda chooni?" Wakacheka tena. Akatoa kidude kidogo cha kushika kwenye fimbo, akakipandisha na kukishusha, na kilipokutana na ule mwanga tusiouona kikalia kama kifaranga. Nikawaambia watu kwamba Kalasinga ametuletea kuku.

Lakini yule kijana na kibarua mmoja tu wa kushika fimbo walimaliza alama za sakafu yote ya upande wa kwanza kabla ya chakula cha mchana. Mimi na Mafabi tungechukua siku mbili, tukivuta mpira kuzunguka kila nguzo na kungoja maji yatulie. Nikarudia baadhi ya alama zake kwa mpira, nikitafuta kosa kama mwanamke anayetafuta chawa. Sikupata. Zilikuwa sawa kabisa.

Unajua nilivyofanya? Sikusema "ni sawa." Nilikunja mpira nikasema, "Hata saa iliyokufa inapatia mara mbili kwa siku."

Harnam alinisikia. Jioni aliniita pembeni. "Okiror, kwa nini unapigana na taa?"

Nikamjibu, "Wewe ndiye uliyenifundisha maji."

"Mimi nilifundisha wewe kupima," akasema. "Maji ilikuwa ya bei ya wakati ule."

Liliniuma hilo kuliko kofi. Nilitaka abaki pale nilipomwacha mwaka ule, na mpira wake, na mimi nikiwa mwanafunzi wake wa pekee. Na yeye amerudi akampenda kijana mwenye miwani. Huo ndio ukweli wa ugomvi wangu na leza, Amongin. Ulikuwa wivu wa mtu mzima.

Siku moja mchana upepo ulishuka kutoka mlimani Wanale kabla ya mvua. Watu wote walikimbilia kufunika saruji. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya mabati ya stoo. Nikaona ile miguu mitatu inayumba, inalala, na kichwa cha mashine kinagonga ukingo wa msingi. Isabirye akaja mbio. Akaiinua, akaifuta kwa shati lake, akawasha. Ikazunguka vilevile. Akageuza macho akaniona. Tukatazamana. Yeye alijua nimeona, na mimi nilijua anajua.

Mashine ile inajiweka sawa yenyewe, na ndiyo sifa yake. Lakini ikipigwa ndani, inajiweka sawa kwa uongo, na inaendelea kuwaka na kulia kwa furaha ileile. Yeye alitakiwa aijaribu kabla ya kuitumia tena. Hakuijaribu. Alikuwa na aibu, na mimi ndiye niliyemtengenezea hiyo aibu, wiki baada ya wiki, kwa vichekesho vyangu vya kuku. Mtu gani angesema "imeanguka" mbele ya kikosi kinachongoja kucheka?

Kesho yake alipiga alama za upande wa pili, penye chumba cha kuzalia. Sakafu pale ilitakiwa ishuke polepole kutoka ndani mpaka mfereji wa nje, ili damu na maji ya kuoshea vitoke. Wakati watu wanakula, nikamvuta Mafabi, tukapitisha mpira wetu. Tulihakikisha hakuna kipovu. Tulipima mara tatu. Alama hazikushuka. Kwa alama zile, sakafu ingepanda kuelekea mferejini kwa upana wa vidole viwili.

Mafabi akaweka ncha yake chini. "Bwana, twende tumwambie huyu kijana. Zege ni kesho asubuhi."

Nikasema, "Acha."

"Tuache nini?"

"Acha wamwage. Zege likauke. Muzee Harnam aone mwenyewe taa yake inavyojenga."

Akasema, "Okiror, hiki ni chumba cha wamama."

"Mimi ndiye msimamizi," nikasema.

Akakunja mpira.

Asubuhi tukamwaga. Mimi mwenyewe nilishika ubao wa kusawazisha, nikalaza zege vizuri, laini kama uji, kwa mteremko ambao nilijua ni wa uongo. Sijawahi kufanya kazi safi namna ile. Isabirye alipita akaniambia, "Asante, muzee, umetulazia vizuri." Nikamwambia, "Karibu, injinia." Nilifurahi. Nakuandikia neno hilo bila kulipunguza: nilifurahi, siku zile zote za kungoja likauke, nilikuwa nakula vizuri na kulala vizuri.

Harnam alikuja na ndoo ya maji, kama kawaida yake, akamwaga chumbani. Maji yakasimama. Yakafikiri. Kisha yakarudi ndani, taratibu, mpaka kwenye viatu vyake.

Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu tangu siku ile. Nikasema kwa sauti ili mpaka wachanganya zege wasikie, "Muzee, taa yako imelewa."

Watu wakaanza kucheka. Harnam hakucheka. Aliniuliza, "Wewe ulijua lini?"

Na mimi, kwa majivuno, nikasema, "Kabla ya zege. Tulipima kwa mpira."

Kicheko kikakatika. Hata mimi nilisikia nilichosema. Isabirye akavua miwani yake. Mbele ya wote akasema, "Muzee Harnam, mashine ilianguka siku ya upepo. Sikuijaribu. Kosa ni langu." Hakunitaja, ingawa alijua nilimwona. Nilikuwa na nafasi pale ya kusema, "Hata mimi niliona." Ilikuwa sentensi ya maneno matatu. Niliimeza.

Harnam akamwambia, "Wewe alikosea." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe hakukosea. Wewe alimwaga huku anajua." Akaagiza sakafu ivunjwe.

Kuvunja ni kazi ya vibarua, lakini Mafabi alichukua tindo na nyundo akaingia. Nadhani alitaka kulipunguza lile jambo kwa mikono yake. Mimi nilibaki nje, nimekasirika, nikijiambia kwamba nimeonewa. Nilisikia nyundo, nyundo, nyundo, halafu kimya, halafu mtu akaita jina langu. Kipande cha zege kilikuwa kimeruka kikamwingia jicho la kulia. Zege langu, lile gumu, zuri, nililolilaza kama uji.

Tulimpeleka hospitali Mbale kwenye gari la Harnam. Isabirye alikaa nyuma akimshikilia kichwa, shati lake la pasi likaloa damu, na njia nzima alimwambia, "Usiguse, ndugu yangu, usiguse." Mimi nilikaa mbele. Sikuweza kugeuka. Jicho halikupona.

Siku ya tatu nilikwenda kumwona nimebeba machungwa. Nilitaka anitukane. Alisema tu, "Ungemwambia, Okiror. Ilikuwa dakika moja." Kisha akauliza kama sakafu imemwagwa upya na kama sasa inashuka. Nikasema inashuka. Akasema vizuri.

Harnam alinifukuza wiki ile. Hakunifukuza kwa kusema kweli, mwanangu. Alinifukuza kwa kuichelewesha. Isabirye hakufukuzwa. Alipewa adhabu ya ajabu: kila asubuhi, kabla ya kuwasha leza, achukue mpira wa maji, apime alama mbili zilizo mbali, kisha aone kama taa inakubaliana na maji. Nilipoambiwa nikacheka kwa uchungu, nikasema Kalasinga amegawanyika, nusu taa nusu maji. Leo naona alikuwa ndiye mtu pekee pale aliyejua vifaa ni vya nini.

Mimi nikarudi nyumbani na hadithi ya Bwana Taa. Mlicheka. Mafabi alikuwa akija hapa na jicho lake moja, anakaa kwenye malwa, anasikia naisimulia, na hakunisahihisha hata siku moja. Uliwahi kuniuliza kwa nini yeye hacheki. Nikakuambia Wagisu hawana utani.

Sasa swali lako. Andika leza. Kwa sakafu kubwa kama hiyo ya Kimaka, anayekuambia mpira unatosha ni mvivu wa kujifunza au ni mtu kama mimi. Lakini andika na mpira, mrefu, unaoonyesha ndani. Leza haipindi kona wala haipiti ukuta. Maji yanapita kila mahali unapoyapeleka. Na leza ikianguka, au ikisafiri kwenye lori barabara mbaya, au asubuhi tu hivi hivi, piga alama ukutani, igeuze uso nyuma, piga tena, uone kama alama ni moja. Wewe umesoma haya kwenye daftari. Mimi nimeyasoma kwenye jicho la rafiki yangu.

Utakutana na mafundi wa miaka yangu huko. Watakuita mama injinia kwa kejeli, watakuuliza kama mashine yako inapika chai. Hutawashinda kwa kuwajibu, wana maneno mengi kuliko wewe. Lakini chunguza siku watakapokuwa wapole ghafla. Siku fundi mwenye dharau atakapokuambia "karibu, injinia," nenda ukapime upya.

Nawe ukimkuta mwenzako amekosea, hata kama ni mtu unayemchukia, hata kama amekutukana tangu asubuhi, mwambie kabla ya zege. Sikuambii hivyo kwa sababu ni wema. Mimi si mtu wa kufundisha wema. Nakuambia kwa sababu najua ladha ya kungoja mtu aanguke. Ni tamu sana, na hulewesha kuliko malwa, na anayelipa si yule uliyemkusudia.

Leo asubuhi nilipanda boda boda nikaenda Nakaloke kwa Mafabi. Nilimkuta anapanga matofali ya choo cha jirani, kichwa amekiinamisha upande kama kuku, ndivyo anavyoona mstari siku hizi. Nilimwambia unaondoka, na kwamba nataka kukuandikia habari yote na jina lake likiwemo. Niliomba ruhusa.

Akaendelea kupanga tofali mbili tatu. Kisha akasema, "Miaka minne unakunywa malwa na hadithi yangu, leo ndio unaomba ruhusa?"

Nikamsogezea tofali jingine.

"Mwandikie," akasema. "Ila usimwambie nililia. Mimi sikulia."

Kweli, hakulia. Nimeiandika.

Jumapili kabla hujaenda kulala ulisema jambo la mwisho, ukidhani sikusikia. Ulimwambia mama yako kwamba kwa bahati jina lako halina Okiror ndani yake, kwa hiyo Isabirye hatajua wewe ni wa nani. Nilisikia. Niliumia, kisha nikaona una haki ya kujificha nyuma ya jina lako.

Lakini usijifiche. Kabla hujamsaidia kazi hata moja, mwambie wewe ni binti wa Okiror wa ile wodi ya Nakaloke, yule aliyeona taa ikianguka, akapima, akajua, akanyamaza. Msomee barua hii kama unataka. Yeye alisema kosa lake mbele ya watu wote ndani ya dakika moja. Mimi langu limenichukua miaka minne, na nimelisema kwenye karatasi, mtu ninayemwambia akiwa chumba cha pili.

Mama yako ananiita nije nifunge godoro kwa kamba. Nakuja.

Baba yako,
Okiror